Mkwe Haulizwi Tumbo

Nyumba yangu iko Kitengela, upande ambao zamani ulikuwa wa nyumbu na punda milia na sasa ni wa mageti ya chuma. Niliijenga nikiwa Doha, kwa simu, nikimkaripia fundi kila Ijumaa, na mpaka leo haina ufa. Nasema hivyo kwa sababu najua watu waliojenga kwa simu wakarudi wakakuta choo hakina mlango. Mimi niliondoka hapa nikiwa kibarua wa kubeba mawe, nikasomea usiku, nikapata diploma ya usalama kazini, nikarudi nikiwa mtu anayesimamisha mtambo kwa kuinua mkono tu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kutoka roshani ya juu, asubuhi chache baada ya mvua, Kilimanjaro huonekana. Haukai sana. Ukienda kumwita mtu aje aone, unarudi unakuta wingu.

Mama mkwe wangu alizaliwa chini ya mlima huo, upande wetu wa Loitokitok, na bado analima nyanya na vitunguu huko. Siku moja alikuwa jikoni kwangu na binti yake, mimi nikiwa sebuleni, nikamsikia akisema, "Huo mlima nimeuangalia maisha yangu yote kama jirani asiyenikaribisha kwake." Hakuniambia mimi. Hakuwahi kuniambia mimi kitu chochote moja kwa moja.

Lazima nieleze, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu Ukambani, mwanamume na mama wa mke wake wanaoneana haya, haya ya heshima, na jina lake ni nthoni. Hawapeani mikono. Hawali wakitazamana. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja kwenye njia nyembamba, anatoka kando na kuangalia majani mpaka apite. Na mambo ya mwili, kama tumbo, usingizi, kwenda haja, hayatajwi mmoja akiwa mahali ambapo mwingine anaweza kusikia. Vijana wengi wa mtaa wetu wameacha, wanakumbatia mama wakwe zao kanisani mbele ya mchungaji. Sisi hatukuacha. Nilikula kwa uma na watu wa mataifa yote, lakini nilipokwenda kuoa nilisimama pale mkwe anapotakiwa kusimama. Nilimwita Susu, kama watoto wangu wanavyomwita nyanya yao, na hata hilo nililisema nikiangalia kando. Yeye akitaka kuniambia neno alimwambia binti yake: "Mwambie baba ya watoto." Mke wangu alikuwa daraja letu, naye alilalamika kwamba kila mtu anapita juu yake bila viatu.

Nikaamua nitampeleka Susu mlimani. Nililipia watu watatu: yeye, mke wangu na mimi. Njia tuliyochagua inaanzia upande wa kaskazini, ukishavuka mpaka wa Tanzania pale Loitokitok, na inaitwa Rongai. Jirani yangu alituona tukipakia mabegi akauliza tunaenda wapi. Mke wangu akamjibu, "Rongai."

"Rongai na masweta yote hayo?" jirani akasema, akidhani ni ule mji wa karibu na Nairobi. "Si mnapitia tu Kiserian?"

"Rongai ya huyu iko na barafu," mke wangu akasema, akininyoshea kidole. "Doha alikuwa anapanda lifti. Sasa ameona azoee ngazi."

Nilicheka. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa mtaa wote, na wa kanisani, na wale niliofanya kazi nao, kwamba nitasimama pale juu.

Tulifanya mazoezi milima ya Ngong kwa wiki kadhaa. Susu alitembea na leso kiunoni na raba za mjukuu wake, akatuacha. Daktari alimpima akasema moyo wake ni wa msichana. Kwa hiyo asije mtu akasema nilimpeleka mzee wa watu bila kufikiri. Nilifikiri. Kazi yangu ni kufikiri kabla ajali haijatokea.

Kiongozi wetu alikuwa Mtanzania, Mchaga wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili kirefu kuliko chetu. Alimwamkia Susu, "Shikamoo mama," na Susu, ambaye sokoni Loitokitok amezoea kusalimiwa kwa Kimaasai "Sopa" akaitikia "Ipa," alitafuta jibu mpaka binti yake akamnong'oneza.

"Mlima huu haumchukii mtu," kiongozi alituambia. "Unachukia haraka. Juu hewa ni nyepesi, mwili unataka muda wa kuizoea. Tutapanda kidogo, tutalala. Kuna siku tutapanda juu mchana kisha tushuke kulala chini, ili damu ijifunze. Na kila siku nitawauliza maswali. Mniambie ukweli. Anayeficha ugonjwa hapa anajichimbia kaburi."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Ni yale yale niliyokuwa nikiwaambia wafanyakazi wangu.

Maswali yenyewe yaliulizwa kwenye hema la kulia chakula, sote tukiwa tumekaa. Umekula? Kichwa kinauma? Umetapika? Umepata haja ndogo, na ilikuwa na rangi gani? Umeharisha? Watanzania husema haya kama wanavyosema habari za asubuhi. Jioni ya kwanza, swali la haja ndogo lilipomfikia Susu, niliangalia kamba ya hema kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. Mke wangu akamwambia kiongozi kwamba mama yake atamjibu yeye kwa Kikamba, kisha yeye atamwambia baadaye kando. Kiongozi hakuelewa ila alikubali. Hivyo tukaenda vizuri. Susu alimnong'oneza binti yake, binti akampelekea kiongozi habari, na mimi sikusikia chochote.

Tulipita mashamba ya viazi, tukapita msitu, tukatokea kwenye vichaka vya baridi ambako miti imevaa ndevu. Susu aliimba. Alimwambia binti yake aniambie kwamba nyanya zake, zikionekana kutoka huku, zitaona aibu. Sikujua maana yake lakini nilifurahi.

Kisha daraja likavunjika. Mke wangu alijikwaa akishuka kwenye korongo, goti likavimba hata suruali haikupanda. Kiongozi msaidizi akapangiwa kumteremsha mpaka Loitokitok, halafu arudi kwetu. Nilisema sote tushuke. Mke wangu alikataa.

"Mama amengoja huu mlima tangu nikiwa mgongoni," alisema. "Nyinyi endeleeni."

"Na nani atasema kati yetu?"

"Si muongee. Mko na midomo."

"Unajua haiwezekani."

"Basi mnyamaze mpaka juu. Wanaume wengi wangelipa kupata safari kama hiyo na mama mkwe."

Akaondoka akichechemea, akicheka. Tukabaki Susu, mimi, kiongozi, mpishi na wapagazi. Tulipofika chini ya Mawenzi, ile sehemu ya mlima iliyochongoka kama meno mabovu, kambi ilikuwa kando ya kidimbwi cha maji ya kijani. Hapo ndipo tulipotakiwa kukaa siku nzima ya kuzoea.

Kwenye hema la chakula Susu alikaa mwisho ule akiangalia kitambaa cha hema, mimi mwisho huu nikiangalia mlango, migongo yetu ikielekeana. Mpishi alitabasamu akadhani tumegombana. Kiongozi akaanza maswali yake.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Kichwa?"

"Niko sawa."

"Tumbo je, umeharisha, umetapika?"

"Niko sawa."

"Na wewe kaka?"

Kichwa changu kilikuwa kinapiga kama jenereta. "Niko sawa," nikasema. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nimetapika nyuma ya jiwe, na mama wa mke wangu anasikia?

Kiongozi alitubana vidole na kile kidude kinachosoma hewa katika damu. Kipimo changu kilikuwa kizuri. Cha Susu alikiangalia mara mbili, akamsugua mkono, akakiangalia tena. "Vidole vya mama ni baridi," alisema. "Hiki kinasema nusu ya habari, mdomo unasema nusu. Kama mdomo unasema sawa, tutaangalia kesho."

Nilipotoka nje nilipishana na mpishi akiwa amebeba sahani mbili. Yangu ilikuwa tupu. Ya Susu ilikuwa imejaa, wali wote, mchuzi umeganda juu yake. Kwa kuwa tulipeana mgongo, sikuwa nimeona.

Sikulala vizuri. Nilijiambia labda hapendi wali wa mlimani. Nilijiambia ni mkulima, mwenye nguvu, ametembea Ngong akatuacha. Lakini mtu aliyesomea usalama hawezi kuona sahani ile akaisahau.

Asubuhi tukapanda ukingo wa mawe juu ya kambi, lile zoezi la kupanda juu ili turudi kulala chini. Nilitangulia, kama mkwe anavyotakiwa. Hewa ilikuwa kama imechujwa. Unavuta, unavuta, na kifua kinasema bado. Nyuma yangu sikusikia wimbo. Wakati wa kushuka palikuwa na kona, na kwenye kona mtu wa mbele humwona wa nyuma hata kama hataki. Nilimwona Susu akiinua mguu kukanyaga jiwe kubwa lililokuwa wazi mbele yake, na mguu ukatua pembeni ya jiwe, hewani. Mpagazi alimdaka. Akajaribu tena, na tena mguu ukakosa. Alikuwa analiona jiwe mahali ambapo halikuwapo.



Kambini kiongozi, ambaye pia alikuwa ameona, hakungoja jioni. Alituita kwenye hema mchana ule ule.

"Mama, macho yako vipi?"

"Niko sawa."

"Kichwa?"

"Niko sawa, kijana yangu. Niulize kuhusu mlima."

Alisema hivyo kwa utani, lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Na hapo, nikiwa nimempa mgongo, nikakumbuka kiwanja kimoja huko Doha, wakati wa joto. Watu wa zege walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, na kila asubuhi msimamizi aliwauliza wanajisikiaje, wakajibu wako sawa. Mimi ndiye niliyesema msimamizi aondoke, niwaulize mimi. Alipoondoka, nusu yao waliinua mikono. Sikufundishwa hilo na mtu, niliona mwenyewe, na baadaye likawa utaratibu kazini kwetu. Sasa, kwenye hema hili, msimamizi alikuwa mimi.

Nikasimama. Nikamwambia kiongozi kwa sauti, ili na yeye Susu asikie, "Nina shughuli nje," nikatoka. Nikasimama nyuma ya hema. Nikasikia swali likiulizwa tena, na tena nikasikia, "Niko sawa." Nikaona kivuli changu kimelala juu ya turubai, kikubwa kuliko mimi. Nikajua Susu alikuwa anakiangalia.

Nikamwita kiongozi kando.

"Huyu ni mama wa mke wangu," nikamwambia. "Kwa kabila letu hawezi kutaja mwili wake nikiwa nasikia. Hata akifa hatasema. Majibu yote tangu mke wangu ashuke ni ya heshima tu, hayana ukweli ndani. Na yangu pia. Mimi nilitapika jana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nakwambia sasa. Rudi ndani. Mimi nitakwenda kule kwenye maji. Nitaimba, ili ajue niko mbali. Usitoke mpaka aseme."

Nikashuka mpaka kidimbwini. Mimi ni sauti ya tatu katika kwaya yetu ya Kitengela, na si sauti ya kubeza. Lakini jaribu kuimba mahali ambapo hata kufunga kamba ya kiatu kunakuacha ukihema. Niliimba mstari mmoja, nikapumzika nikiwa nimeshika magoti, nikaimba mwingine. Wapagazi waliacha kuosha sufuria wakanitazama. Nilimaliza wimbo wote wa kwaya, nikaanza upya, kwa sababu kunyamaza kungekuwa sawa na kurudi. Mlango wa hema haukufunguka. Nikawaza atakufa akinisikiliza nikiimba vibaya.

Mara ya tatu nikiwa katikati, kiongozi alitoka. Alikuja kwa haraka, yeye ambaye siku zote alituambia tusifanye haraka.

"Amesema," akaniambia. "Anaona vitu viwili viwili. Tangu jana hajaweka chakula tumboni. Nimemwambia atembee kwenye mstari, kisigino kiguse kidole, ameshindwa hatua ya kwanza. Kaka, mama anashuka sasa hivi. Si kesho. Nimempa dawa, na wapagazi wawili watamshika."

"Nami nashuka."

"Amesema wewe uendelee. Msaidizi anarudi leo, atakupandisha. Wewe damu yako inazoea, kichwa kitatulia. Amesema hakuja kukuletea mkosi."

Niliangalia Kibo, ile sehemu ya juu yenye barafu. Ilikuwa wazi kabisa, haina hata uzi wa wingu, karibu kiasi cha kumtukana mtu. Nitasema ukweli: nilitaka. Niliwaza watu wa mtaa na maswali yao. Lakini afisa wa usalama haachi mtu wa mwisho kiwanjani. Na tena, ningemwambia nini mke wangu pale chini, kwamba mama yake alishushwa na wageni?

"Mwambie natangulia kushuka," nikasema.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Nilitembea mbele, kiongozi na wapagazi wakiwa nyuma yangu na Susu kati yao. Sikuweza kugeuka. Nilichokuwa nacho ni masikio. Nilisikiliza viatu vinne vya wapagazi, vizito, na katikati yake zile raba, zikiburuta. Burr, kimya, burr. Nilijifunza kutofautisha kila mmoja. Nilisikiliza pumzi yake, fupi, yenye mluzi. Kila iliponyamaza nilisimama, na iliporudi nikaendelea.

Kisha raba zikanyamaza na hazikurudi. Nikahesabu kichwani, nikaacha kuhesabu, nikageuka.

Alikuwa ameketi chini, kichwa kimelala begani kwa mpagazi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu niliona nywele za mama mkwe wangu, nyeupe, fupi, zimesukwa mistari minne tu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilikiokota kile kitambaa, nikampa mpagazi ampe. Macho yake yakatafuta sauti ya hatua zangu, yakanipata, au yakapata wawili wangu.

"Geuka uangalie mbele," akaniambia. Aliniambia mimi. "Bado sijafa."

Nikageuka. Wakamwinua. Na alipoanza tena kuburuta miguu, akaanza kuongea, kwa Kikamba, akiwaambia wapagazi ambao hawakuelewa neno hata moja. Alisema nyanya zake zimeiva na hakuna wa kuzichuma. Alisema kuna mtu ameimba vibaya leo hata ndege wamehama. Alisema kwaya ya Kitengela lazima iwe na upungufu wa wanaume. Ulimi wake ulijikwaa, alirudia maneno, alichanganya majina ya wajukuu, lakini hakuacha. Nilielewa. Kama nilivyomwimbia ajue niko mbali, alikuwa ananisemesha, bila kunisemesha, nijue yuko.

Mpagazi mmoja akauliza, "Mama anasemaje?"

"Anasifu sauti yangu," nikajibu bila kugeuka.

Karibu na kambi ya chini maneno yalipungua. Likabaki neno moja moja, kisha mguno tu. Kiongozi alinipita akikimbia kwenda kuandaa chupa ya hewa. Mimi nikasimama kando ya njia, nikaangalia majani, wakampitisha.

Walimwingiza hemani. Nilikaa nje juu ya jiwe. Jua lilikuwa bado juu ya ukungu, likafanya kambi nzima kuwa ya rangi ya maziwa. Mpishi, aliyetufuata na mizigo, alikuja, akaangalia uso wangu, akarudi alikotoka. Kiongozi alitoka, akanawa mikono, akasema kidude kimepanda, midomo imerudi rangi, anaona kitu kimoja kimoja, amekubali kunywa uji.

"Na sasa?"

"Sasa amelala. Kesho tunashuka zaidi."

Akaenda zake. Nami nikainuka niende, maana hema la mama mkwe si mahali pa mkwe kukaa. Nilikuwa nimepiga hatua chache niliposikia kutoka ndani ya turubai sauti ya Susu akikoroma. Alikoroma kama trekta la Loitokitok, taratibu, akipanda na kushuka, pumzi ndefu iliyokwenda mpaka mwisho na kurudi. Hakuna kitu ambacho mkwe anatakiwa kukikimbia zaidi ya hicho. Ningekisikia nyumbani, ningetoka mpaka getini.

Nikarudi kwenye jiwe langu, nikaketi, nikasikiliza.